Mfaransa wa Gedeon

3 Septemba

Komeni kumwambia mume wangu kwamba sauti yake haijabadilika. Nawaambia nyote: wewe Sarolta wa ghorofa ya tatu unayeshuka na keki zako, wewe mleta barua, na ninyi waigizaji wenzake mnaopiga simu mkicheka kwa nguvu kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki ijulikane. Mnamvika kilemba cha ukoka, naye anakivaa, na kilemba hicho kinamuua.

Daktari alisema juzi nami nimekaa palepale. Ni saratani, imeshika zoloto, pale kooni inapotokea sauti. Ikikatwa sasa, Gedeon ataishi. Hataongea tena, lakini ataishi. Atakula supu, atacheza sataranji na wazee wenzake kule kwenye mabwawa ya maji moto, atamwona mjukuu wetu akiolewa. Gedeon akasikiliza yote, akavaa kofia, akasema kwa ile sauti iliyobaki, sauti ya kiatu kinachoburutwa kwenye kokoto: "Baada ya Mfaransa."

Mfaransa ni mwigizaji wa kwao Ufaransa, mzee sasa kama sisi. Kila filamu yake iliyoletwa huku, tangu siku tulipokuwa bado na nywele, aliyemtilia maneno ya Kihungari mdomoni ni Gedeon. Watu wetu hawajui mtu yule anaongeaje kwao. Wakimwona kwenye televisheni wanamsikia mume wangu. Sasa imebaki filamu moja, wanasema ya mwisho, mzee ameaga uigizaji. Studio wataitia sauti mwezi wa kumi. Basi Gedeon anasubiri, na saratani haisubiri.

Mimi si mwandishi. Nilisoma madarasa sita, kisha nikafua nguo za waigizaji kwenye jumba la michezo, na huko ndiko nilikompata huyu. Naandika kwa sababu daktari ametaka nyumba iwe kimya, Gedeon asivutwe kujibu. Kelele zangu nimezihamishia hapa.

5 Septemba

Nimepika jamu ya plamu. Yeye alikoroga. Alitaka kuongea, nikamwonyesha mwiko.

11 Septemba

Leo alikuja Csorba Lóránt. Walikuwa wanaume watano waliomaliza chuo cha uigizaji mwaka mmoja. Watatu wako makaburini, waliobaki ni huyu na wangu.

"Nabusu mkono, shemeji," akasema mlangoni. "Kila nikija umezidi kuwa mrembo."

"Na wewe umezidi kuwa mwongo. Pangusa miguu."

Gedeon akatoka chumbani amevaa shati safi. Tangu chuoni wanaitana Uso na Koo, na hawajachoka.

"Haya, Koo! Hebu ongea nisikie."

"Unataka nini, Uso? Nikusomee taarifa ya habari?"

"Aa! Ile ile! Nakuapia, ile ile! Ina ukwaru kidogo tu, na ukwaru utamfaa Mfaransa, si naye kazeeka?"

Nilimwona Gedeon akinyooka mgongo kama mche uliotiwa maji. Nikamwambia Lóránt ana ghorofa mbili za kushuka na ni bora aanze sasa. Akashuka na chupa ndogo ya jamu mkononi, maana adabu ni adabu.

Watu wanasahau, basi niandike. Lóránt alipata jina kwa filamu ya yule kijana wa kivuko kwenye mto Tisza. Sura alikuwa nayo, Mungu alimchonga siku ya mapumziko bila haraka. Lakini alipofungua mdomo ilitoka sauti nyembamba, tena na lafudhi ya kijijini kwao. Mwelekezaji akasema: uso ubaki, sauti itoke. Wakamwita Gedeon, ambaye kazi ileile alinyimwa kwa ajili ya sura yake ya kiazi kilichochimbwa kabla ya wakati. Akaingia kwenye chumba cha giza, akatia maneno mdomoni mwa rafiki yake. Nchi nzima ililia. Wanawake wakamwandikia Lóránt kwamba sauti yake inawanyima usingizi. Yeye akazileta hizo barua kwa kapu, wakakaa na Gedeon wakizisoma na kucheka hadi machozi. Mimi sikucheka.

Baada ya hapo Lóránt alienda filamu hadi filamu mpaka alipoota mikunjo, ndipo akaja studio kuokota vijineno vya mapadri na mabawabu. Gedeon yeye kwenye filamu alionekana mara tatu: mkata tiketi, mlevi, na maiti. Ile maiti waliikata nusu.

Ndiyo maana Lóránt siku zote nimemwona kama koti zuri linalotembea bila mtu ndani.

19 Septemba

Simu haikulia.

20 Septemba

Simu ililia. Ni Sarolta, anauliza kama nina chupa tupu.

28 Septemba

Nilimtuma mkate. Zamani akienda yeye ilikuwa saa nzima, maana hakuna aliyemjua kwa sura, lakini akishasema tu "nusu ya mweupe, tafadhali," foleni yote inageuka. "Yesu wangu, ni Mfaransa!" Wanamshika mkono. Mwanamke mmoja aliwahi kumwomba amwambie mumewe kwa simu kwamba anamwacha, kwa sauti ile. Gedeon alikataa, lakini alirudi nyumbani akitabasamu juma zima.

Leo amerudi mara moja. Mikono mitupu.

"Mkate?"

Akatikisa kichwa. Kumbe binti wa dukani ni mgeni, hakumsikia, akamwambia: "Babu, onyesha kwa kidole." Hakuonyesha. Akatoka.

Tumekula viazi.

4 Oktoba

Kinga wa studio amepiga simu. Ndiye mwelekezaji wa kuitia sauti filamu ile, binti wa miaka thelathini na kitu, ana adabu mpaka inachosha. Filamu imechelewa, sasa ni katikati ya Novemba. Gedeon alikuwa bafuni, nikafunga mlango wa jikoni.

"Kinga, mpe mtu mwingine."

"Shangazi Etelka, usiseme hivyo. Mfaransa ni wa mjomba Gedeon."

"Mjomba wako ana uvimbe kooni. Kila siku anayokungoja wewe, uvimbe unakula."

Akaanza kulia, nami sipendi kulipwa machozi kwa kitu ninachodai.

"Nimpe nani, shangazi? Hakuna atakayekubali. Nikimpigia yeyote swali la kwanza ni: umeongea na Gedeon? Unaijua desturi. Lazima mtu ampigie yeye mwenyewe, amwombe ruhusa. Nani atathubutu?"

Desturi naijua. Mtu wa sinema aliyezoeleka kwa sauti fulani hapa kwetu ni mali ya mwenye sauti. Humchukui hivihivi. Unampigia mwenzako: niruhusu. Akifa, unakwenda kwa mjane. Sijapata kusikia aliyeivunja. Hawa watu wameachana na wake zao, wamechongeana kwa wakubwa enzi zile za wakubwa, wameibiana wachumba. Hilo moja hawagusi.

"Basi mnamuua kwa heshima," nikamwambia, nikakata.

13 Oktoba

Nimekwenda kwa Lóránt, sikumuaga Gedeon. Nilisema naenda sokoni, na kapu nilibeba.

Sijapata kufika kwake tangu mkewe amkimbie. Nilidhani nitakuta zulia na vioo. Nimekuta chumba kimoja na jiko, na yeye amesimama anakula mayai ndani ya kikaango kama mlinzi wa ghala. Hakuwa na kofia. Bila kofia ni mzee tu. Ukutani hamna picha yake hata moja. Ipo moja ya wale watano siku ya kumaliza chuo, na katikati amekaa Gedeon na masikio yake.

"Shemeji! Kafa?"

"Bado. Mpigie simu. Mwombe Mfaransa."

Akaweka kikaango chini. "Siwezi."

"Una vidole."

"Etelka, unajua unachotaka? Nimpigie mtu aliye hai, nimwambie nipe riziki yako ya mwisho? Hiyo ni kumzika anatazama."

"Anazikwa tayari, na wewe ndiye uliyeshika mshumaa ukisema ile ile, ile ile!"

Akakaa kitandani. "Nilimwona alivyonitazama. Ningesema nini?"

"Kweli."

"Kweli sijapata kuisema maishani. Nimelipwa kwa kingine." Akajaribu kucheka. "Halafu mimi na Mfaransa wapi na wapi? Sauti yangu ni ya mbuzi. Unajua kuliko wote."

"Namtaka mbuzi. Akishampa mbuzi kazi, atakuwa hana cha kungoja. Atakwenda kukatwa. Sitaki filamu nzuri mimi, nataka mume."

Alinisindikiza hadi kwenye tramu bila koti, mvua inamnyea. Tramu ilipoondoka nilimwona bado amesimama. Kwa mara ya kwanza nilidhani huenda ndani ya koti mna mtu.

25 Oktoba

Mvua. Amekohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Nikagonga na mimi, kwa nguvu zaidi.

2 Novemba

Siku ya wafu. Tumepanda makaburini na mishumaa na maua meupe, kama watu wote. Kilima chote kilikuwa kinawaka kwenye ukungu. Tuliwawashia wale watatu. Mmoja alikuwa sauti ya dubu wa katuni, na mpaka leo watoto humwachia pipi juu ya jiwe. Wa pili alikuwa sauti ya mwigizaji mmoja Mwitaliano, na alipokufa Gedeon alikwenda kwa mjane amevaa suti, akaomba. Mjane alimwachia maneno matatu tu: "Mchukue. Mtunze vizuri."

Lóránt alikuwepo, kwa mbali, ameshika kofia. Gedeon akampungia. Yeye akajifanya anawasha mshumaa uliokwisha kuwaka.

Tulipokuwa tunashuka Gedeon alikohoa kwenye kitambaa, akakikunja haraka mfukoni. Damu. Nimefua nguo za watu maisha yangu yote na huyu anadhani atanificha kitambaa.

9 Novemba

Simu ililia mchana, tunakula. Gedeon aliinuka mwenyewe, akafunga kifungo cha juu cha shati. Kwa simu!

Ilikuwa ni Lóránt. Sauti yake nyembamba hutoboa chombo cha simu, nilimsikia kutoka mezani.

"Koo, ni mimi. Nakupigia kuhusu Mfaransa. Nakuomba uniruhusu."

Gedeon alisimama na chombo sikioni. Supu yake ikapoa hadi mafuta yakaganda juu. Nami nilikuwa naomba kwa Mungu ambaye sijaongea naye tangu mwezi wa tano.

"Nikishakufa," akasema, "umchukue."

Akaweka simu. Akarudi, akakaa, akanitazama.

"Ulikwenda kwake."

"Nilikwenda."

"Kunigawa."

"Kukuokoa, mjinga wewe!"

"Etelka." Ilimchukua muda kukusanya pumzi. "Wewe utabaki na nani, na mtu gani? Mkata tiketi? Yule maiti?"

Nilimwambia mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na redio. Alikuwa keshaondoka mezani.

Imeshindikana. Aliyethubutu kathubutu, na imeshindikana.

12 Novemba

Haongei nami. Sijui ni hasira au ni ugonjwa. Nimepika supu ya maharage na nyama ya moshi. Kala yote. Basi ni hasira.

14 Novemba

Kinga kapiga: tarehe kumi na nane. Gedeon anakunywa chai ya kitunguu na asali, anameza mayai mabichi, anafanya mazoezi jikoni. Sauti haitoki. Inatoka hewa, na ndani ya hewa kitu kama bawaba. Sarolta alisikia mlangoni akaniambia: "Kumbe bado anayo!" Nilimfungia mlango puani.

18 Novemba

Nilikwenda naye studio. Kinga aliniweka nyuma ya kioo, karibu na fundi wa mitambo.

Zamani walisimama wote mbele ya maikrofoni moja, filamu imekatwa vipande, kila kipande kinazungushwa na kurudiwa mpaka midomo ikutane. Walikanyagana, walitaniana, walikunywa. Sasa kila mtu anaingia peke yake, anawasemesha watu ambao hawapo. Gedeon aliingia peke yake. Alikuwa amenyoa, amejikata kidogo shavuni.

Kwenye skrini akatokea Mfaransa. Mungu wangu, alivyozeeka. Amekaa kwenye benchi, anamdanganya binti yake kwamba si mgonjwa. Gedeon akavaa vifaa vya masikioni, akasubiri mdomo ufunguke, akasema.

Sitaki kuandika ilivyokuwa. Ilikuwa kama lango kuukuu.

"Nzuri, mjomba!" Kinga akasema kwenye kipaza sauti. "Tena kidogo, kwa usalama tu."

Akarudia. Neno la pili halikutoka kabisa. Mfaransa akaendelea kuchezesha mdomo bila kitu.

"Nzuri sana! Ni fundi tu, kuna kelele kwenye mtambo."

Fundi akainamisha kichwa. Mtambo haukuwa na kelele. Niliinuka nimwambie Kinga neno ambalo hata hapa siliandiki, lakini mlango wa pembeni ulifunguka, akaingia Lóránt. Alikuwa ameitwa siku hiyo kusema maneno ya padri. Nikajiambia: haya, na huyu mwongo mkuu anakuja kummalizia.

Alimwendea mpaka kwenye maikrofoni, tukasikia yote.

"Gedeon." Hakumwita Koo. "Hamna sauti. Imekwisha."

Kinga akaziba mdomo kwa mikono. Gedeon akainua kidole kuelekea kwetu, akakizungusha: nirudishieni. Fundi akamtazama Kinga, Kinga akanitazama mimi. "Rudisha," nikasema.

Wakarudisha. Akajisikiliza hadi mwisho amefumba macho, kama anavyosikiliza kazi ya mtu mwingine. Akavua vile vifaa vya masikioni, akavifuta kwa mkono wa shati, akamvisha Lóránt. Akampa karatasi. Mwenyewe akavuta kiti, akakaa chini yake.

Lóránt akajaribu. Mbuzi. Gedeon akampiga pajani. Akarudia. Akampiga tena, akamvuta sikio mdomoni kwake. Kwa mitambo ile nikasikia mnong'ono: "Huyu huvuta pumzi kabla ya uongo. Wewe unavuta baada. Baada huvuta mkweli."

Walikuwa humo hadi fundi akachoka. Lóránt alitoka na machozi hadi kwenye kola, na paja jekundu bila shaka. Nilimfunga shali yangu shingoni, maana mwenye koo sasa ni yeye.

Ndani ya tramu Gedeon alisema: "Kesho mpigie daktari."

21 Novemba

Daktari ametazama picha. Akatuuliza kwa nini hatukuja Septemba.

Imeshuka mapafuni. Zoloto hawalitoi tena, halina maana. Watatoboa tu tundu shingoni, tarehe nne Desemba, siku ya Alhamisi, asizibwe pumzi kabla ya wakati wake. Nikauliza wakati wake ni lini. Daktari akasema masika tutaona. Najua "tutaona" ya madaktari.

Kwenye ngazi Gedeon alinishika kiwiko. Nilidhani ataomba msamaha. Akasema: "Mbuzi hajambo, eh? Kipande cha benchi kilikuwa si kibaya."

Nilimpiga kwa mkoba. Kisha tukasimama pale, watu wanatupita.

27 Novemba

Sarolta kaleta keki. Kasema Gedeon anaonekana amenawiri. Keki nimempa mbwa wa mlinzi.

1 Desemba

Theluji ya kwanza, ya maji maji, haishiki. Lóránt anakuja kila asubuhi. Hapandi tena na maua wala sifa. Anapangusa miguu, anasema nabusu mkono, anakaa kwenye kigoda jikoni, nao wanaanza. Nusu ya filamu bado. Gedeon hawezi tena kupanda ngazi za studio. Haongei hata kwa mnong'ono, anapiga paja tu. Nawamenyea viazi pembeni na sisemi kitu, na hilo linajulikana kuwa muujiza.

Leo walifika mahali ambapo Mfaransa hasemi. Anapanda mlima, anakaa, anapumua, basi. Pumzi nazo hutiwa upya, si maneno tu. Lóránt akapumua. Gedeon akampiga. Akapumua tena. Gedeon akampiga. Mara nyingi hivyo. Mwisho Lóránt akasema: "Siwezi, Gedeon. Mimi napumua kama mtu anayetazamwa."

Gedeon akamsukuma pembeni kwa bega. Akatazama kile kijiskrini ambacho studio walituazima, akafungua mdomo, akapumua.

Kisu kilinisimama mkononi. Ilikuwa ni Mfaransa. Mzima mzima. Wa miaka yote.

Lóránt akageuka kunitazama, na wote wawili tulijua lilelile. Zimebaki siku tatu: Alhamisi, wakishatoboa, pumzi itatokea shingoni. Mdomoni haitapita tena kitu.

Haiponyi mtu, pumzi hiyo. Masika yatafika na tutaona. Lakini iko, na ni yake.

Basi Kinga, kesho kabla hujavua koti nitakupigia, nawe usilie, sikiliza. Mwache fundi huko, chukua mashine ndogo ya kurekodi na maikrofoni nzuri, uje hapa Jumatano asubuhi. Nitazima friji, nitamfunga mbwa wa mlinzi, na Sarolta nitamkalisha ndani kwake kwa nguvu. Mrekodini pumzi zote: za mlima, za benchi, za usingizini, na ile ya kabla ya uongo. Maneno mwachieni Lóránt.